Vidole Vinne

Mwezi wa pili, Kutaisi. Theluji imekuwa tope
na tope limeingia gereji na viatu vya watu.
Zauri kaleta Zhiguli ya marehemu kaka yake.
Usukani unacheza, anasema.
Naushika. Kweli:
vidole vinne vya hewa
kabla magurudumu hayajasikia lolote.
Vidole vinne ni vingi, Zauri.
Kwa vidole vinne mtu huingia mto Rioni
akidhani bado yuko barabarani.

Shangazi Guliko hana haraka.
Mikono yako inazunguka, anamwambia,
ila gurudumu halijui kuzunguka hivyo;
linajua kushoto, linajua kulia.
Lazima awepo mkalimani.
Ndiye huyu, boksi la chuma lisilozidi mkate,
linalowekwa gizani na kusahauliwa.
Unalipa digrii kumi na sita, gurudumu linapokea moja.
Ulichopunjwa kwa mwendo
umerudishiwa kwa nguvu.

Nafungua kifuniko. Oili nyeusi, harufu ya miaka.
Ndani mna parafujo nene yenye kiuno cha nyigu,
na kiringi chenye mbavu mbili kikifuata mitaro yake:
parafujo ikigeuka, kiringi kinasogea,
shafti inajipinda kidogo, mkono wa chini unavuta fimbo,
na gari zima, na abiria, na mahindi yao, wanakata kona.

Murmani wa Kamaz, anayengoja zamu na kula mbegu za alizeti,
anacheka: hicho ni kidude cha saa!
Lake lina gololi.
Zimejipanga kati ya parafujo na nati,
zinabingirika badala ya kusuguana,
zikifika mwisho zinapita kwenye bomba na kuanza upya,
kama watoto kwenye bembea ya kuteleza:
chini, mbio, juu tena.
Na pampu inasukuma mafuta nyuma yao,
ndiyo maana tani kumi na tano
anazigeuza kwa kiganja kimoja, mbegu kwenye kingine.

Kile kigari cha Kijapani pale ukutani, usukani upande wa kulia,
hakina hata boksi la kujivunia:
gia ndogo juu ya fimbo yenye meno, basi.
Gia inageuka, fimbo inakwenda.
Chepesi, na kimbea;
kila kokoto kinakuja kukuripotia mikononi.

Si ukaze ile skrubu ya juu, anasema Zauri, niende zangu.
Guliko anamulika tochi. Tazama.
Pembeni, mitaro bado inang'aa kama siku ya kiwandani.
Katikati, imelika.
Nikikaza mpaka katikati pashike,
kwenye kona patakaba, na usukani utagoma kurudi.

Mbona katikati tu?

Hakuna aliyejibu upesi. Murmani aliacha kutafuna.

Kwa sababu huko ndiko kwenda mbele, anasema shangazi.
Kona ni chache, Zauri. Kaka yako alinyoosha.
Miaka kumi na tisa, Kutaisi hadi Poti,
Otia na jibini lake, moja kwa moja,
akitikisa usukani kidogo tu, huku, kule,
milimita kwa milimita, hadi chuma kikaisha.

Zauri alitia kidole pale palipolika.
Kilitoka cheusi. Hakukifuta.

Jioni tukafunga boksi jingine, kavu, bila uwazi.
Akaondoka, na langoni akaanza kona mapema,
vidole vinne mapema, alivyofundishwa na kaka yake,
gari likamtii papo hapo
na kugonga ndoo yetu ya majivu.
Akasimama. Akakaa kimya ndani, taa zikiwaka.
Kisha akaanza upya, polepole.

Kwenye daftari niliandika:
boksi moja, oili sili mbili, ndoo moja.
Chuma chakavu: hakuna.
Mteja ameondoka nacho, kimefungwa kwa gazeti,
kwenye kiti cha mbele.